Usikaze Kupita King'ora

Jumanne, 3 Juni

Kaka yangu Seremala,

Shikamoo. Barua hii isomee hapo hapo karakanani, tena ufunge mlango kwanza. Usiende nayo nyumbani. Ningekupigia simu, lakini iko nyumbani, na ukipokea tu Baba anasogeza kiti. Macho yamemchoka, ila masikio ni yale yale. Anasikia mpaka jambo ambalo bado sijaamua kulisema.

Nianze na habari njema, maana ni moja tu. Nimeingia fainali ya mandolini kwenye tamasha! Mshindi anachukuliwa mwaka mzima na bendi ya tamasha, anazunguka nayo mji kwa mji. Fikiria, Kaka, mwaka mzima bila kusaga lenzi za miwani ya watu. Lakini tangu nitangaziwe sahani yangu nairudisha jikoni ilivyo.

Kwenye mchujo kila mtu alipiga peke yake, na majaji walinisifu. Mmoja akauliza nani kanifundisha. Nikamwambia ni baba yangu, alikuwa fundi mitambo kwenye kinu cha unga, jioni anapiga mandolini na mama anaimba. Nikatoka pale natembea kama naelea. Jana ndipo tukasomewa masharti ya fainali: kila mshiriki atasindikizwa na piano ya tamasha. Nikapelekwa kwa mpiga piano, mzee mpole, shati limefungwa vifungo mpaka juu. Akagonga kitufe chake, nami nikagonga uzi wangu. Kaka, tulitoka kama mbwa wawili waliokutana getini.

Sababu unaijua. Mandolini yetu imekaa kwenye sauti ya king'ora cha kinu. Kila jioni king'ora kikilia Baba alikuwa anakaza nyuzi mpaka zifanane nacho, halafu anatuambia, "Hapo hapo. Usikaze kupita king'ora, shingo ya chombo hiki haina nguvu." Kinu kilishafungwa, lakini king'ora kimo vichwani mwetu, hata ukiniamsha usingizini nitakutolea. Kumbe sauti ile iko chini ya piano, na mbaya zaidi haiko chini kwa kitufe kizima. Imekaa katikati ya vitufe viwili. Mzee amesema ingekuwa kitufe kizima angesogeza mikono tu, tukaelewana. Sasa katikati pale hakuna kitu cha kugonga. Nikishuka nyuzi zinalegea na kukwaruza, kwa hiyo ama mimi nipande, ama nikae nje.

Naomba umuulize Baba kama mandolini itavumilia kukazwa. Muulize kijanja, usimwambie ni kwa nini. Ndicho kitu alichonikabidhi kwa mikono yake baada ya Mama kufariki, alinipa tu akageuka. Nikiipasua sitakuwa na uso wa kuingia tena nyumbani. Sikutanii.

Fainali ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Jibu upesi.

Mdogo wako,
Kitinda


Jumamosi, 7 Juni

Kitinda,

Marahaba, na hongera! Nilipiga yowe mpaka mteja aliyefuata fremu ya dirisha akadhani nimejikata kidole. Nikamwambia mdogo wangu yuko fainali. Akauliza fainali ya mpira? Nikamwambia ndiyo, yaishe.

Baba hajambo. Analalamika chai haina sukari, halafu anamaliza kikombe na kuomba kingine. Yule nesi jirani bado anapita kumpima presha, wanagombana kama kawaida yao.

Nimemuuliza kijanja, kama ulivyosema. Amekataa katakata. Maneno yake ni haya: "Hata siku moja. Atakayeikaza ile kupita king'ora ataipinda shingo na mbao ya uso itapasuka. Bora mtu aazime nyingine." Kwa hiyo, mdogo wangu, azima.

Na mimi kama mtu wa mbao nakubaliana naye. Mbao iliyozoea mzigo mdogo miaka yote, ukiitwisha mkubwa ghafla inalalamika, na ikishaanza kulalamika huibembelezi. Usijaribu.

Kula. Hata kama huna hamu, kula.

Kaka yako


Alhamisi, 12 Juni

Kaka,

Shikamoo. Mzee wa piano ameniazimia mandolini ya mwanafunzi wake. Ni mpya, inang'aa, unajiona usoni mwake. Shingo yake ni nyembamba, vidole vyangu vinapita pale vinapotakiwa kusimama. Ile ya Baba naijua kwa giza. Hii naipapasa kama mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba ya wenyewe.

Mazoezi ya jana yalikuwa aibu tupu. Nimechagua ule wimbo wa Mama, ule wa jioni, nilidhani ndio nitaupiga bila kufikiri. Nilikosea mahali ambapo sijakosea tangu nikiwa shule ya msingi. Mzee aliniangalia tu kwa huruma. Afadhali angenitukana.

Kazini leo nimesaga lenzi ya jicho la kulia nikaiweka kushoto. Mteja amevaa, amepiga hatua moja, akashika ukuta. Bosi ameniita pembeni akaniuliza kama nina matatizo nyumbani.

Halafu kuna jambo, usinigombeze. Juzi nilishindwa kujizuia. Nilichukua mandolini ya Baba nikaikaza kidogo, kidogo sana, nione tu. Mbao ikasema tik. Niliacha pale pale nikairudisha kwenye king'ora. Nimeitazama uso wote kwa tochi, nimepitisha kucha kila mahali, sioni ufa. Lakini nimeisikia kwa masikio yangu. Je, ufa unaweza kuwa ndani? Nimeifunga kwenye blanketi nikaiweka chini ya kitanda, na kila nikilala naiwazia.

Usimwambie Baba. Tafadhali sana.

Kitinda


Jumatatu, 16 Juni

Kitinda,

Nilikuambia usijaribu! Wewe na mimi ni nani anayeshinda na gundi na mbao? Ufa unaweza kuwa ndani, ndiyo, unaweza kuanzia chini ya daraja linalobeba nyuzi na usiuone mpaka siku uso unapofunguka. Sikuogopeshi, nakueleza. Iache kwenye blanketi, usiiguse tena, siku ukija nyumbani nitaikagua kimya kimya.

Endelea na ya kuazima. Vidole vitazoea. Baba anakusalimu sana, na anasema umetumia akili kuazima, angekushangaa kama ungefanya vingine. Unaona? Hata yeye ameridhika. Tuliza moyo.

Kaka yako


Jumatano, 18 Juni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Leo nimekuandikia nyumbani moja kwa moja, si karakanani, maana sina tena cha kuficha. Kaka akichelewa kurudi, nesi akusomee; naituma kwa dereva wa basi, ifike kesho.

Nakushukuru kwa ushauri wako kuhusu mandolini. Kaka alinifikishia kila neno: kwamba nikiikaza kupita king'ora nitaipinda shingo na uso utapasuka, na kwamba nimetumia akili kuazima nyingine. Nilipaswa kukuuliza mwenyewe, lakini niliogopa kukuumiza. Nimeingia fainali ya tamasha, Baba, na wanataka tupige na piano, ndiyo maana nilihitaji kuikaza.

Nakiri jambo moja. Ingawa ulishanikataza, niliijaribu kidogo, ikatoa mlio, tik. Nimeirudisha ilipokuwa. Nisamehe. Kama nimeivunja nitajua siku Kaka atakapoikagua, na sijui nitakutazama vipi.

Hii ya kuazima imenishinda. Jumatatu ijayo waandaaji wanafunga majina, na nadhani nitalitoa langu. Ni afadhali nijitoe kuliko kuuaibisha ule wimbo mbele za watu. Usisikitike, mimi nimeshasikitika vya kutosha kwa ajili yetu wote.

Binti yako,
Kitinda


Alhamisi, 19 Juni

Kitinda,

Anayeandika ni nesi, anayesema ni mimi. Nimemwonya asinirekebishe. Barua hii anaipeleka yeye mwenyewe leo kwa dereva wa basi la kuja huko, ili ikufikie kabla ya hiyo Jumatatu yako.

Umenishukuru kwa ushauri. Ushauri gani? Sijaulizwa kitu na mtu yeyote. Nesi aliponisomea kwamba nimesema hivi na nimesema vile, nilimwambia arudie, nilidhani amechanganya barua na ya mgonjwa mwingine. Nimemwita kaka yako. Amesimama mlangoni na vumbi la mbao kichwani, mwanaume mzima, akaniambia hakuwahi kuniuliza. Eti tangu tumzike mama yenu, mandolini ikitajwa mimi natoka nje, kwa hiyo akaona anijibie.

Ni kweli natoka. Lakini kutoka nje si kufa. Mtu angenifuata huko nje akaniuliza, ningemjibu.

Sasa nisikilize. Shingo ya mandolini ile ni mbao ngumu, niliichagua mwenyewe dukani nikiwa kijana, nikazirudisha nyingine zote. Haijawahi kuwa na udhaifu wowote. Aliyekuwa anadhoofika ni mama yenu. Kifua kilianza kumbana kaka yako akiwa anatambaa, wewe hata hujafikiriwa. Nyimbo zake zikaanza kumshinda kule juu. Siku moja sauti ikamkatikia katikati ya wimbo mbele ya wageni. Akaingia jikoni, hakutoka mpaka wameondoka, na mimi nikabaki pale napiga peke yangu kama mjinga.

Kesho yake nikalegeza nyuzi. Aliniuliza kwa nini. Nikamwambia shingo inanitia wasiwasi, tuwe tunaishia kwenye king'ora. Nilisingizia chombo ili asijione yeye. Aliitikia tu, akaanza kuimba. Kama aliamini sijui, hatukuwahi kulizungumza. Ninyi mkakua mkijua mandolini ni mgonjwa, na mimi sikuona sababu ya kuwaambia vingine akiwepo, na alipoondoka sikuweza.

Hiyo tik ni uzi uliokuwa umeng'ang'ania kwenye daraja, ukaachia. Ulitegemea ukae pale miaka yote halafu ukiuvuta unyamaze?

Usijitoe. Ikaze.

Baba yako

(Mimi nesi naongeza: presha yake leo ni nzuri kuliko wiki zote. Sijui imekuwaje.)


Ijumaa, 20 Juni

Kitinda,

Sina uso. Nilimtungia Baba maneno, halafu nikayaamini mwenyewe. Mara ya kwanza niliona namlinda yeye. Mara ya pili, ile ya kwamba umetumia akili, nilitaka tu ulale usingizi, na badala yake nimekukosesha usingizi nusu ya mwezi. Karibu nikutoe kwenye fainali kwa mdomo wangu. Ukitaka kunitukana nitukane, nitaisoma barua hiyo kwa sauti mbele ya Baba na nesi.

Hili ni la mbao, na hili nalijua kweli. Usipandishe kwa mkupuo. Kaza kidogo asubuhi, iache izoee, kaza kidogo jioni. Chora alama ya penseli pembeni ya daraja. Kama daraja linasogea utaona. Fumba jicho moja, tazama shingo kutoka kichwani kwenda chini, kama unavyoniona natazama ubao. Ikiwa imenyooka, endelea.

Kaka yako asiyestahili salamu


Jumatano, 25 Juni

Baba na Kaka,

Shikamooni. Sijajitoa. Kaka, nimekusamehe, ila utanilipa kwa kunitengenezea kabati.

Imefika. Jana asubuhi nimegonga uzi pamoja na kitufe cha piano, zikawa kitu kimoja, mpaka mzee akafungua kifungo cha juu cha shati. Alama ya penseli iko palepale. Shingo imenyooka. Nilikaa na mandolini mapajani nikisubiri ipasuke kama mtu anayesubiri kupigwa kofi, na haikupasuka.

Mngedhani sasa nimetulia. Sijatulia hata kidogo. Zamani niliogopa mbao, sasa naogopa sauti yenyewe. Si ya nyumbani, Baba. Ni kali, iko juu, inang'ata. Napiga wimbo wa Mama, vidole vinakwenda vizuri, lakini yeye simsikii. Kwenye king'ora nilikuwa nikipiga tu namsikia anavuta pumzi kabla ya kuanza. Hapa juu hayupo. Ni kama nimemwacha chini peke yake nikapanda mimi. Jana nimelia mpaka jirani akagonga ukuta.

Naogopa nitafika jukwaani, nitaanza, halafu masikio yangu yatakataa. Redio itatangaza fainali moja kwa moja, Jumamosi alasiri. Sikilizeni, au msisikilize. Sijui nataka lipi.

Kitinda


Jumapili, 29 Juni

Baba, Kaka,

Kama mlisikiliza basi mnajua, na kama hamkusikiliza niwaambie mwenyewe kabla ya watu.

Nilianza vizuri. Halafu pale wimbo unapopanda, pale Mama alipokuwa anaingia, nilimsubiri. Mbele ya ukumbi mzima, nilimsubiri aingie. Mikono ikasimama. Mzee wa piano naye akaacha kupiga. Sijui ilikuwa muda gani, kwangu ilikuwa mchana mzima. Nilisikia mtu anakohoa, nikasikia kiti. Nikamtazama mzee, akanipa ishara ya kichwa, nikaendelea pale nilipoachia mpaka mwisho.

Nimekuwa wa tatu. Jaji mmoja alinifuata akaniambia bila ule ukimya ningekuwa wa kwanza, akidhani ananifariji. Bendi imemchukua mwingine. Kesho narudi kwenye lenzi.

Sijui kama nina huzuni au aibu, labda vyote. Mandolini haina hata mkwaruzo. Baba, nataka kuilegeza nirudi kwenye king'ora. Nimeshafika kuishika mara kadhaa nikaona nikuulize kwanza. Nikuulize wewe, si mtu mwingine. Nilegeze?

Kitinda


Alhamisi, 3 Julai

Kitinda,

Baba amesema niandike mimi, kama adhabu. Nesi amekaa hapa kuhakikisha siongezi wala sipunguzi.

Tulisikiliza. Nilileta redio ya karakanani, ile yenye madoa ya vanishi, tukakaa watatu. Mtangazaji alipokutaja Baba akainua mkono, hata kijiko tusigonge. Ukaanza. Mimi nilikuwa nimekunja ngumi mpaka kucha zinaniuma. Ukafika pale, ukanyamaza.

Nilisimama nikashika kichwa. Nesi akasema redio imekatika. Niliisogelea nizungushe kitufe, Baba akanishika shati.

Kitinda, aliimba. Baba! Mimi sijawahi kumsikia akiimba maishani mwangu; kuimba ilikuwa kazi ya Mama. Alifumba macho akaanza pale pale ulipoachia, kwa sauti ya uzee, imekwaruza, lakini juu kule kule ulikokuwa wewe, si kwenye king'ora. Mstari ule wa Mama, wote. Ulipoanza tena ulimkuta njiani. Mkaenda pamoja mpaka mwisho, wewe redioni na yeye kwenye kiti, na hakuna aliyempita mwenzake. Nesi alikuwa analia, nami pia, niandike ukweli.

Nilimuuliza ameijuaje sauti ile ya juu namna hiyo, wakati sisi sote tumekulia chini. Nakuandikia alivyojibu:

"Hiyo ndiyo aliyokuwa nayo mama yenu siku ya kwanza namwona. Anaimba hapo, anacheka, na pumzi inabaki. Nilidhani imenitoka kabisa kichwani."

Jana barua yako ikafika. Nilimsomea, nikarudia na ile ya kabla yake, pale unaposema kule juu Mama hayupo. Akasogeza kiti karibu. Kisha akasema hivi:

"Mwambie asiguse nyuzi. Yeye hakuwahi kumsikia mama yake akiwa mzima, alimsikia akiumwa tu, wote wawili mlimsikia akiumwa tu. Aje nayo hivyo hivyo ilivyo. Nitawaimbia mmsikie."

Bosi wako mwombe ruhusa ya Ijumaa ya wiki ijayo. Mimi nimeshawaambia wateja karakana itafungwa.

Kaka yako